Jina Halikuandikwa: Mamlaka, Kutotajwa na Sitara katika Picha za Hali Halisi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa mamlaka kati ya mpiga picha, mpigwa picha na taasisi inayohifadhi picha, kwa kuangalia jambo moja: kukosekana kwa jina la mpigwa picha katika maelezo yanayoambatana na picha yake. Hoja yetu ni kwamba kukosekana huko si hali moja. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoweza kuzitenganisha hali hizo, yaani kutojulikana, kutotajwa na kusitiriwa, na kauli za vitenzi hivyo zinatuelekeza kwa yule aliyefanya uamuzi. Kwa zana hizo tunasoma postikadi za Zanzibar na picha za Afrika Mashariki ya Kijerumani, picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936, picha ya Alice Seeley Harris iliyopigwa Kongo mwaka 1904, picha ya Steve McCurry ya mwaka 1984, na kazi za Zanele Muholi. Tunahitimisha kwamba neno "asiyejulikana" mara nyingi hugeuza tendo la mtu kuwa hali isiyo na mwenyewe, na tunapendekeza namna nyingine ya kuandika maelezo ya picha kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vya historia, majalada ya riwaya, ripoti za mashirika na kuta za makumbusho, msomaji wa Kiswahili hukutana mara kwa mara na nyuso za watu wasio na majina. Mpiga picha hutajwa, mwaka hutajwa, mahali hutajwa, na aghalabu hata nambari ya picha katika hifadhi ya nyaraka hutajwa. Aliye katikati ya picha ndiye peke yake asiyetajwa. Maelezo hayo yanapotafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri huandika "mwanamke asiyejulikana", au hubakiza jina la kazi na la kabila: "mchukuzi wa Kinyamwezi", "mwanamke wa Kiswahili". Tumeyazoea maneno haya kiasi cha kutoyahesabu kuwa matini. Lakini ni matini. Yana mtunzi, yana hadhira na yana nia.

Kwa "picha za hali halisi" tunakusudia picha zinazotolewa kwa dai la kuonyesha mambo yalivyo, ziwe za gazeti, za serikali, za wamisionari au za watafiti. Tunaziingiza humu pia picha za studio zilizouzwa kama postikadi, kwa sababu ziliuzwa kwa dai hilo hilo: kwamba mnunuzi anaonyeshwa watu wa mahali fulani kama walivyo.

Wahakiki waliotangulia wametupa mahali pa kuanzia. Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya taswira, alieleza kwamba maneno yanayoambatana na picha huishika maana kama nanga inavyokishika chombo: picha ingeweza kwenda kokote, maneno huizuia. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kuyatazama maumivu ya wengine, alimkosoa Sebastião Salgado kwa kuwapiga picha wahamaji wa nchi nyingi bila kuwataja majina katika maelezo. Kwa Sontag, desturi ya kumtaja mtu mashuhuri na kutomtaja mnyonge humfanya mnyonge abaki kuwa mfano tu wa kazi yake, wa kabila lake au wa dhiki yake.

Tunakubaliana na Sontag, ila hoja yake inaacha swali. Je, dawa ni kumtaja kila mtu? Allan Sekula, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu mwili na hifadhi ya nyaraka, alionyesha kwamba kamera ya karne ya 19 ilitumika pia kuwatia watu mikononi mwa polisi. Katika mfumo wa Alphonse Bertillon wa Paris, mtuhumiwa alipigwa picha, akapimwa viungo, na kadi yake ikawekwa mahali ambapo ingepatikana kwa urahisi. Mtu huyo hakukosa jina. Jina lake ndilo lililomfunga. Kwa hiyo kuwapo kwa jina peke yake hakupimi heshima, wala kukosekana kwake peke yake hakupimi dhuluma. Tunachopaswa kuuliza ni nani aliyeamua, na uamuzi huo ulimfaa nani.

2.0 Vitenzi Vitatu

Kiswahili kinaturahisishia kuuliza swali hilo, kwa kuwa sarufi yake inatenganisha mambo ambayo neno moja la lugha nyingine huyachanganya.

Kitenzi cha kwanza ni kutojulikana. Hiki kipo katika kauli ya kutendeka, kauli inayoeleza hali ya kitu bila kudai mtenda. Tunaposema "kikombe kimevunjika" hatulazimiki kusema nani aliyekivunja. Ni kweli kwamba tunasema pia "anajulikana na wengi", na hapo wenye kujua wanaonekana. Lakini katika "mtu asiyejulikana" wenye kujua, au waliopaswa kujua, hutoweka kabisa. Tena umbo "hajulikani" halina wakati maalumu. Linamweka mpigwa picha katika giza lisilo na mwanzo, kana kwamba hata mama yake hakumjua.

Kitenzi cha pili ni kutotajwa. Hiki kipo katika kauli ya kutendwa, na kauli hii, hata mtenda asipotajwa, huacha nafasi yake wazi. "Hakutajwa" hualika swali "na nani?" bila kulazimishwa. Aidha, kikanushi cha wakati uliopita huliweka tendo katika historia. "Jina halikuandikwa" maana yake kulikuwa na siku, kulikuwa na mtu aliyeshika kalamu, na kulikuwa na karatasi ambayo jina lingeweza kuandikwa.

Kitenzi cha tatu ni kusitiriwa, pamoja na umbo lake la kujirejea, kujisitiri. Sitara katika maadili ya Waswahili ni kumlinda mtu na macho yasiyomhusu, na ni deni la kila mwenye kuona kwa kila anayeonwa. Anayemsitiri mwenzake anamjua. Hufunika kwa sababu anajua. Na katika "amejisitiri" mtenda na mtendwa ni mtu mmoja: mwenye uso ndiye mwenye uamuzi.

Tuongeze neno moja zaidi, "fulani". Masimulizi ya Kiswahili yanapomtaja mtu ambaye jina lake halipo, humwita "fulani bin fulani" au "fulani binti fulani". Msemo huu haujui jina, lakini unakiri kwamba jina lipo, na kwamba mwenye jina ana wazazi. Nafasi ya jina huachwa wazi, haizibwi. Kama tutakavyoona, maelezo mengi ya picha hayafanyi hata hivyo.

3.0 Aina Badala ya Mtu

Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na studio za picha. Miongoni mwa zilizojulikana ni ile ya A. C. Gomes na ile ya Pereira de Lord, watu wenye asili ya Goa. Studio hizi ziliwahudumia wenye mali wa mji na nasaba ya kifalme, na wakati huo huo zikawauzia wasafiri picha na postikadi za "wenyeji". Kwa hiyo vyombo vilikuwa vile vile, pazia lile lile, na mara nyingine hata kiti kile kile. Tofauti ilikuwa katika malipo. Aliyelipia picha yake aliondoka nayo, akaipa jina nyumbani kwake. Ambaye picha yake ililipiwa na mnunuzi wa mbali alibaki studioni kama bidhaa, na bidhaa hiyo ikapewa jina la kuiuza: mwanamke wa Kiswahili, mrembo wa Zanzibar, wasuka nywele, wachukuzi.

Desturi hii haikuwa ya pwani yetu pekee. Postikadi za Kifaransa kutoka Afrika ya Kaskazini zilikuwa na kichwa maarufu cha "mandhari na aina", na Malek Alloula aliziandikia uhakiki mkali mwaka 1981. Neno "aina" linaeleza kazi iliyofanyika. Jina la mtu huelekeza kwa mmoja. Jina la aina huelekeza kwa wote, na mmoja aliye mbele ya macho huwa sampuli.

Kwa upande wa bara, picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani, zinaonyesha jinsi lugha yetu wenyewe ilivyoingizwa katika kazi hii. Picha hizo leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani na husambazwa sana. Neno "askari" linasimama katika maelezo ya Kijerumani bila kutafsiriwa, mahali ambapo jina la mtu lingesimama. Hapa neno la Kiswahili halimsemei Mswahili. Linampa mtazamaji wa Berlin ladha ya ugeni, na wakati huo huo linamwondolea haja ya kuuliza yule aliyeshika bunduki anaitwa nani, alizaliwa wapi na alijiunga kwa nini. Jeshi lilikuwa na orodha za askari wake kwa ajili ya mshahara. Majina yalikuwapo, hayakusafiri pamoja na picha.

Tofauti ya madaraka inaonekana vizuri zaidi tukimtazama Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Picha zake zinajulikana, na jina lake limo chini ya kila moja. Zaidi ya hayo, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na matini hayo yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo alipata mambo matatu: uso, jina na sauti. Wachukuzi waliobeba pembe zake walipata, kwa bahati, uso tu. Mfano huu unatuonya tusiugawe ulimwengu wa picha kati ya Mzungu mwenye kamera na Mwafrika asiye na jina. Mstari wa jina ulipita pia ndani ya jamii zetu, kati ya bwana na mtumwa, mwenye msafara na mchukuzi.

Na isidhaniwe kwamba dola ya kikoloni ilikuwa haijui kuandika majina. Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande: karatasi yenye jina na alama za vidole, ikiwekwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mtu yule yule angeweza kuwa "aina" kwenye postikadi na jina kamili kwenye kipande. Dola ilimtaja pale ilipotaka kumshika, ikaacha kumtaja pale ilipotaka kumwonyesha. Mamlaka hayamo katika jina wala katika ukosefu wa jina, bali katika uhuru wa kuchagua kati ya hayo mawili kwa niaba ya mtu mwingine.

4.0 Mama wa Nipomo

Mfano mashuhuri kuliko yote wa uhuru huo unatoka Marekani, na unafaa kusomwa kwa makini kwa sababu mpiga picha alikuwa mtu mwenye nia njema. Mwezi Machi mwaka 1936 Dorothea Lange, akiwa mwajiriwa wa idara ya serikali iliyoshughulikia umaskini wa wakulima, alisimama katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Alimpiga picha kadhaa mama mmoja aliyekuwa na watoto wake chini ya turubai. Moja kati ya hizo, ambamo mama ameshika shavu akitazama mbali huku watoto wawili wakificha nyuso mabegani mwake, imekuwa picha inayowakilisha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930.

Maelezo yaliyohifadhiwa pamoja na picha hiyo yanastahili uhakiki kama beti za shairi. Yanataja ufukara wa wachuma njegere. Yanataja jimbo. Yanataja kwamba mama ana watoto saba. Yanataja umri wake, miaka 32. Yanataja Nipomo. Mtu aliyeuliza idadi ya watoto na umri wa mama alikuwa karibu sana na kuuliza jina. Lange mwenyewe, alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1960, alikiri kwamba hakuuliza. Ukosefu wa jina hapa si ajali ya safari. Unatokana na utanzu wenyewe. Idara ilihitaji ushahidi wa hali, na kwa ushahidi wa hali, idadi ya watoto ni data ilhali jina si data. Roy Stryker, aliyesimamia mradi huo, alikuwa na desturi ya kuzitoboa tundu negativu alizozikataa. Mradi wenye mkono wa kutoboa picha ulikuwa na mkono wa kuandika jina pia.

Picha ilichapishwa gazetini San Francisco mwezi huo huo, na serikali ikapeleka kambini kiasi cha ratili 20,000 za chakula. Familia iliyo pichani ilikuwa imekwisha kuondoka. Kwa miaka zaidi ya 40 mama huyo aliishi na nyuso mbili: moja ilikuwa mali ya umma, ikichapishwa bila malipo kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, na nyingine ilikuwa yake, ikichuma pamba na kulea watoto. Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti la Modesto alimtambulisha: Florence Owens Thompson. Naye alisema wazi kwamba anatamani asingepigwa picha ile, kwamba hakupata hata senti kutokana nayo, na kwamba hakuulizwa jina.

Jina lilipokuja lilileta jambo ambalo picha ilikuwa imelifunika. Florence Thompson alikuwa Mcherokee, mzaliwa wa Oklahoma. Picha iliyotumika kwa miongo kadhaa kama sura ya mateso ya mkulima Mzungu wa Marekani ilikuwa picha ya mwanamke mwenyeji wa asili wa bara hilo. Kutotajwa jina kuliiondoa historia nzima ya watu waliohamishwa katika ardhi yao, na kukaiweka badala yake historia ambayo watazamaji walikuwa tayari kuihurumia. Mwaka 1983 alipougua sana na familia yake ikaomba msaada, barua zipatazo 2,000 zilikuja na michango ya maelfu ya dola. Umma ulimjibu mtu mwenye jina, kwa namna ambayo "mama mhamaji" hakuweza kujibiwa.

Hapa tunapaswa kukabili hoja ya upande wa pili. Husemwa kwamba picha hupata nguvu ya kuwasemea wengi kwa sababu haina jina. Ungemwandika Florence Thompson, angebaki kuwa Florence Thompson tu. Fasihi ya Kiswahili inatupa jibu. Shaaban Robert, mwandishi ambaye kuliko wengine alitaka wahusika wake wasimame kwa ajili ya sifa za binadamu wote, hakuwaondolea majina. Aliwapa. Karama wa *Kusadikika* na Utubora wa *Utubora Mkulima* ni aina na ni watu kwa wakati mmoja, na ni jina linalofanya yote mawili. Tena alipotaka kuandika juu ya mtu halisi aliyetoka katika unyonge, aliandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Mwanamke huyo alizaliwa akaitwa Mtumwa, akafa akiitwa Siti, na safari kati ya majina hayo mawili ndiyo hadithi yake. Hakuna msomaji anayesema kwamba wasifu huo umepoteza upana kwa sababu una jina kwenye jalada. Upana wa kazi ya sanaa hautoki katika kumfuta mtu. Hutoka katika kumjua vya kutosha.

5.0 Nsala wa Wala

Miaka 32 kabla ya Nipomo, katika Kongo ya Mfalme Leopold, picha nyingine ilipigwa kwa njia tofauti. Mwezi Mei mwaka 1904 mwanaume mmoja alifika katika kituo cha misheni cha Baringa akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimketisha barazani, akaviweka viungo vile mbele yake, akapiga picha. Mwanaume amegeuza uso ubavu. Haiangalii kamera, anavitazama vilivyobaki vya mwanawe.

Mwanaume huyo anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Binti anaitwa Boali. Majina haya tunayo kwa sababu picha hiyo ilikusudiwa kuwa ushahidi, na shahidi asiye na jina hupingwa kirahisi. Picha ilizunguka katika mihadhara ya wapinzani wa utawala wa Leopold na katika maandishi ya E. D. Morel, ikiwa na jina la mtu, jina la mahali na jina la kampuni. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Maelezo ya Nsala yana mtenda. Yangesema tu "baba asiyejulikana na mabaki ya mwanawe", yangekuwa maelezo ya msiba. Kwa kumtaja Nsala na kuitaja ABIR yanakuwa mashtaka. Sentensi moja imetoka katika kauli ya kutendeka na kuingia katika kauli ya kutenda.

Hatusemi kwamba picha hiyo haina mamlaka ndani yake. Harris ndiye aliyechagua baraza, mkao na wakati. Majonzi ya Nsala yalipangwa ili kamera iyaone, na ukumbi wa Uingereza ndio uliokuwa hadhira. Nsala hakuambatana na picha yake kwenda kuisemea. Hata hivyo tukizilinganisha picha hizi mbili tunaona kwamba ukosefu wa jina Nipomo haukusababishwa na ufinyu wa wakati wala na ugeni wa lugha. Aliyekuwa mbali zaidi kwa lugha na kwa rangi aliliandika jina, kwa kuwa kesi yake ililihitaji. Aliyezungumza lugha moja na mpigwa picha wake hakuliandika, kwa kuwa idara yake haikulihitaji.

6.0 Kusitiriwa

Mpaka hapa jina limeonekana kuwa haki. Lakini mfano wa Sharbat Gula unaturudisha kwenye onyo la Sekula. Mwaka 1984 Steve McCurry alimpiga picha katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistan, akiwa msichana wa miaka kama 12. Picha ilitoka kwenye jalada la *National Geographic* la mwezi Juni mwaka 1985, ikamfanya ajulikane dunia nzima kama "msichana wa Afghanistan". Jina halikuandikwa. Mwaka 2002 gazeti hilo lilimtafuta, likampata, na likathibitisha kuwa ndiye kwa kulinganisha alama za macho yake na zile zilizo pichani.

Tuangalie njia iliyotumika. Mwanamke mzima aliye hai, mwenye jumuiya inayomfahamu, alithibitishwa na mashine. Neno lake kwamba yeye ndiye yeye halikutosha. Ushahidi ulichukuliwa katika mwili, kama Bertillon alivyofanya, na kama kipande kilivyofanya kwa alama za vidole. Tena jina hilo likachapishwa. Mwaka 2016 mamlaka za Pakistan zilimkamata kwa tuhuma za kuwa na kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistan huku kamera za dunia zikimtazama. Mwaka 2021, baada ya Taliban kurudi madarakani, alipokewa Italia. Wakimbizi wengi walikuwa na vitambulisho vya namna hiyo. Uso wake ndio uliokuwa maarufu. Kutotajwa kulikuwa kumemnyima haki katika mwaka 1985. Kutajwa hakukumrudishia haki hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu mara zote mbili uamuzi ulifanywa mahali asipokuwapo.

Lililokosekana mara zote mbili ni sitara. Katika jamii ambamo uso wa mwanamke haupewi mgeni, aliyeutazama alikuwa na deni, na deni hilo halilipwi kwa kulitangaza jina.

Zanele Muholi wa Afrika Kusini anaonyesha kwamba mpiga picha mmoja anaweza kuyafanya yote mawili, kutaja na kusitiri, bila kujipinga. Katika mfululizo wa *Faces and Phases*, ulioanza mwaka 2006, Muholi anawapiga picha Waafrika ambao mapenzi yao au jinsia yao imewatia katika hatari ya kupigwa na kuuawa. Kila picha ina jina la mtu, mahali na mwaka, na mpigwa picha anaitazama kamera. Hapa jina linafanya kazi ya ushuhuda, kama kwa Nsala, ila mwenye jina ndiye anayelitoa. Lakini katika picha ya mwaka 2004 iitwayo *Aftermath*, ambayo inahusu mtu aliyefanyiwa ukatili, tunaona mwili kuanzia kiunoni kwenda chini na kovu refu la paja. Hakuna uso na hakuna jina. Hatuwezi kusema mtu huyu "hajulikani", Muholi anamjua. Amesitiriwa. Picha inatupa tunachohitaji kushuhudia, na inatunyima tusichohitaji.

Sitara ya namna hii inafanana na desturi moja ya pwani. Maandishi ya kanga huitwa jina. Mvaaji hulichagua jina la kanga, akalivaa, likasema yaliyo moyoni mwake kwa mlengwa bila yeye kufungua kinywa. Akiulizwa, anaweza kukana. Jina hilo linamficha na kumwonyesha kwa wakati mmoja, kwa kipimo anachokitaka mwenyewe. Maelezo ya postikadi ni kinyume chake kamili: ni jina alilovishwa mtu na mwingine, kwa lugha asiyoisoma, ambalo hawezi kulivua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la jina katika picha za hali halisi ni swali la nani anayeamua, na kwamba sarufi ya Kiswahili inalifanya swali hilo liulizike. Mpigwa picha asiye na jina anaweza kuwa katika hali tatu. Anaweza kuwa kweli hajulikani, baada ya juhudi ya kumtafuta kushindikana. Anaweza kuwa hakutajwa, kwa kuwa aliyeshika kalamu hakuona haja. Anaweza kuwa amesitiriwa, au amejisitiri, kwa kuwa usalama wake au heshima yake imetaka hivyo. Postikadi za Zanzibar, askari wa Dobbertin na mama wa Nipomo wamo katika hali ya pili. Mtu wa *Aftermath* yumo katika ya tatu. Wanaoingia kihalali katika hali ya kwanza ni wachache kuliko maelezo ya picha yanavyotuaminisha.

Haya si mambo ya wahakiki peke yao. Hifadhi za nyaraka za Ulaya zinaendelea kuziweka picha za Afrika Mashariki kwenye intaneti, na wahariri wetu wanazichukua kwa majalada na vitabu vya kiada, wakitafsiri maelezo yake kadiri yalivyo. Kila "asiyejulikana" inayotafsiriwa hivyo inarudia tendo la kwanza na kulifunika. Tunapendekeza wahariri na wafasiri wa Kiswahili watumie maneno matatu kwa hali tatu: "jina halikuandikwa" pale ambapo mpiga picha au taasisi haikuliandika, "jina limesitiriwa" pale linapofichwa kwa ajili ya mwenyewe, na "hajulikani" libakie kwa yule aliyetafutwa asipatikane. Pale maelezo ya asili yanapompa mtu jina la aina, mfasiri aandike kwamba ndivyo mpiga picha alivyomwita, ili neno hilo libaki mikononi mwa mwenyewe.

Tofauti hizi ni ndogo kwa wino, lakini zinaathiri utafiti. Msomaji anayeambiwa mtu hajulikani hufunga kitabu. Msomaji anayeambiwa jina halikuandikwa ana sababu ya kuuliza, na katika miji kama Zanzibar, Bagamoyo na Tanga, ambako familia zimehifadhi picha na nasaba kwa vizazi, bado kuna watu wa kuulizwa. Pengine mjukuu ataitazama postikadi na kusema huyu ni fulani binti fulani. Akiamua kulitaja jina, liandikwe. Akiamua kulisitiri, iandikwe kwamba amelisitiri.